Bi Khurshid, Aliyewaombea Mende

"Nikiwa hai, hakuna mwanamume wa mtaa huu atakayefia kwenye chemba ya majitaka." Marehemu shangazi yetu, Bi Khurshid Yaqub, aliyatamka hayo Pasaka ya mwaka 2016, kwenye kipaza sauti cha kanisa, mchungaji akiwa hajamaliza matangazo. Mchungaji alikohoa. Marehemu aliitimiza kauli hiyo kwa miaka minane, miezi mitatu na siku kumi na mbili, yaani hadi jana.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1959 kwenye tanuri la matofali nje ya mji wa Sargodha, Pakistan, mtoto wa nne wa Mzee Barkat Masih na Bi Rahmate. Tarehe hiyo ni ya kitambulisho. Mama yake alikumbuka tu kwamba machungwa yalikuwa yanakaribia kwisha.

Alisoma hadi darasa la tano. Mwalimu alikuwa na mazoea ya kumpa ufagio wenzake wakipewa vitabu, na siku moja marehemu aliurudisha ufagio mezani, juu ya chai ya mwalimu. Masomo yakaishia hapo. Mengine aliyasoma kwenye magazeti yaliyofungiwa dengu za kukaanga.

Tarehe 12 Novemba 1978 aliolewa na Yaqub Masih, mzibuaji wa chemba za majitaka hapa Faisalabad, wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza Nadim. Wazibuaji wana kipimo chao. Wakifunua mfuniko humulika kuta: mende wakitembea, chini kuna hewa, ukuta ukiwa mtupu, hashuki mtu. Asubuhi ya tarehe 22 Julai 2008 Yaqub alimulika, hakuona hata mmoja, akamwambia nyapara. Nyapara akamuuliza, "Umekuja kazini au kusalimia wadudu?" Wenzake wakacheka. Yaqub akashuka. Walimtoa saa tisa alasiri.

Wakati huo Bi Khurshid alikuwa mfagiaji wa Kituo cha Familia cha kanisa letu: vyumba viwili, cherehani sita, mizani ya watoto wachanga na sufuria ya dengu ya kila Ijumaa. Baada ya arobaini alirudi kituoni, lakini hakufagia tena. Aliwapanga akina mama wawili wawili, wakawa wanapita alfajiri na tochi kumulika chemba ambazo waume zao wangeshuka siku hiyo. Palipokuwa patupu alibeba kiti chake, akakiweka juu ya mfuniko, akakaa. Alikuwa na kilo tisini na tano. Hakuna nyapara aliyejaribu kumwinua.

"Mama Nadim, toka hapo, maji yanaingia majumbani mwa watu," nyapara alimwambia siku moja.

"Yaingie, mwanangu. Zulia hukauka."

Kwenye ibada ya Jumatano, baada ya wagonjwa na wajane, aliwaombea mende wazaliane. Mchungaji mpya alimshauri kwa upole ombi hilo liwe la mwisho. Akalifanya la kwanza. Nyumbani kwake pia ilikuwa mwiko kuua hata mmoja, ndiyo maana wengi wetu tulikula kwake tukiwa tumesimama.

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka huu. Kufikia Juni alikuwa na kilo hamsini na nane, na nyapara alipata habari. Mwezi huohuo alimwandikisha Shamaun kibarua cha kuzibua chemba, kitindamimba wa marehemu, fundi pikipiki ambaye gereji yake ilikuwa imefungwa. Juzi jioni mama alimwita kitandani.

"Niahidi hutashuka."

Shamaun akamrekebishia mto. "Kunywa maji, mama."

"Sikukuomba maji."

Bi Khurshid alifariki jana, Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, saa nne asubuhi, akiwa hajaahidiwa.

Ameacha watoto wanne: Nadim, anayetusikiliza kwa simu kutoka Sharjah, Shakila, Rifqa, na Shamaun aliyekaa mstari wa mbele. Ameacha wajukuu kumi na mmoja, dada yake Bi Hanifan, na akina mama thelathini na wawili wa kituo.

Leo alfajiri, kabla ya kumwosha, wawili kati yao walikwenda zamu yao kama kawaida. Chemba ya nyuma ya kituo, ukuta ni mtupu. Nyapara ametuma rambirambi, na pamoja nazo ujumbe kwamba kesho ni mvua, kwa hiyo chemba hiyo izibuliwe leo saa kumi, tukitoka makaburini. Jina la kwanza kwenye orodha yake ni la Shamaun. Basi viti vya msiba havirudishwi leo. Akina mama wanavipeleka pale. Wenye miili mizito wanaombwa wakae katikati.

Mungu amlaze shangazi yetu mahali ambapo hatalazimika kumlinda mtu.

Shamaun bado hajaahidi. Tangu asubuhi hii nyapara amepandisha malipo: kushuka mara moja ni rupia elfu nne.