Zlatina Kehayova, Fundi Aliyejua Maji Yanapita Wapi

Tarehe 31 Mei, baada ya miaka thelathini na minane katika gereji ya mabasi ya mji wetu wa Belidol, fundi mkuu Zlatina Kehayova anavua ovaroli. Sisi tuliozoea kuamshwa na ugomvi wake kila asubuhi tuanze kujizoeza ukimya.

Sisi madereva alitufundisha mambo tuliyodhani tunayajua. Baridi ya Januari, geji ya presha ya oili ikipanda hadi mwisho, tulikuwa tukishangilia. Yeye alifoka: "Presha kubwa si oili nyingi! Hiyo oili imeganda kama asali, inasukumwa lakini haipiti. Acha ipate moto kwanza, ndugu yangu!" Tangu tulipoanza kumsikiliza, hakuna injini iliyonoki, yaani kufa kwa kukosa oili.

Ila vita vyake vikubwa vilikuwa vya themostati, kile kijilango kinachofunguka maji ya injini yakipata moto. Kwetu kwenye milima ya Rodopi, dereva akiona kiangazi kimeingia huitoa, akiamini maji yatapita kwa wingi na injini itapoa. Bi Zlatina alisema hadi sauti ikamkauka: kwenye injini zetu, kijilango hicho kikifunguka ndicho kinachoziba njia ya mkato isiyopitia rejeta, kile kipoza maji. Ukikitoa, maji yanapita mkato na kurudi kwenye injini yakiwa ya moto, rejeta hayaioni.

Julai moja, miaka kumi na moja iliyopita, basi la wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu hospitalini Smolyan lilichemka mlimani, na wagonjwa sita ndani. Bibi Velika, mmoja wao, alimtania dereva: "Mwanangu, kama unapika supu humo, mbona hukuleta mkate?" Bi Zlatina alikuja mwenyewe na basi jingine, na wote sita wakawahi matibabu.

Alipofungua injini, themostati haikuwepo. Kwa kuwa ndiye aliyelikagua basi lile siku mbili kabla, mkurugenzi alimwandikia barua ya onyo kwa uzembe. Bi Zlatina hakumtaja mtu. "Watu ni wazima, basi ni zima. Nipeni kahawa," alisema, akarudi kazini.

Dereva wa basi lile ni mimi, Svilen Uzunov. Themostati niliitoa mwenyewe, kwa siri, asubuhi ileile. Kesho yake nilikuta mpya kwenye kiti changu, imefungwa kwenye gazeti, nikajua kwamba amejua. Niliogopa kufukuzwa, nikanyamaza miaka yote hiyo, na aibu ilinitafuna kila nilipomwona.

Juzi nilikwenda kwa mkurugenzi nikasema yote. Alinifokea ipasavyo, kisha akaitoa barua ile kwenye faili na kuichana mbele yangu. Jana nililala usingizi wa pono.

Bi Zlatina, asante kwa injini zetu, na asante kwa kunisitiri ingawa sikustahili. Wenzako wote tunakuombea afya na mapumziko marefu. Unaondoka bila doa hata moja kwenye faili lako, na sasa wote wanajua kwa nini.