Usingizi wa Dakika Ishirini wa Bi Ndoto

Baada ya miaka kumi na saba langoni, golikipa wetu atacheza mechi yake ya mwisho Jumamosi, tarehe 14 Juni, hapa hapa nyumbani, kisha atastaafu. Ofisi imeniomba mimi, mtunza vifaa wa timu ya wanawake, niandike wasifu wake, eti kwa sababu ndimi ninayemjua kuanzia soksi. Nimekubali kwa furaha, ila nina jambo langu. Limenikaa kooni miaka tisa, na leo litatoka.

Alifika akiwa na miaka kumi na tisa. Mimi sikuwapo bado, nimehadithiwa. Alikuwa mrefu, mpole, anatazama mbali kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mkononi alikuwa na glovu alizoshonewa na shangazi yake, fundi cherehani, zenye viraka vya tyubu ya baiskeli viganjani. Wenzake walicheka mpaka zoezi la penalti lilipoanza. Alidaka saba kati ya kumi, na waliocheka wakaanza kuuliza shangazi anapokea wateja siku zipi.

Jina la Bi Ndoto alipewa kwa tabia yake. Kila siku ya mechi, kabla ya kupasha misuli moto, huingia chumba cha vifaa, hujilaza juu ya rundo la vizibao vya mazoezi na kulala fofofo dakika ishirini. Chumba chenyewe ni chembamba, kina rafu za jezi, harufu ya dawa ya misuli, na kidirisha kimoja juu kinachoingiza mwanga wa manjano, vumbi likielea humo taratibu. Husema kwamba usingizini mipira humjia polepole kama maputo, naye huchagua wa kudaka. Tulidhani anatania. Lakini mtazame langoni: mshambuliaji anakuja mbio, mabeki wanapiga kelele, yeye ametulia, karibu anatabasamu. Anahama hatua moja tu, na mpira unamfuata mikononi kana kwamba walipatana tangu asubuhi.

Hivyo ndivyo alivyocheza mechi mia tatu na kumi na mbili na kutuletea vikombe vitatu. Msimu mmoja nyavu zetu hazikutikiswa mechi kumi na moja mfululizo. Siku nyingine alitoka kulala na alama ya zipu shavuni, mwamuzi akamwita daktari. Bi Ndoto akapimwa kwa heshima zote.

Kumwamsha ni kazi ya mtunza vifaa. Miaka tisa iliyopita nilikuwa katika miezi mitatu ya majaribio, na kocha wa wakati ule alishaniambia kuwa kosa moja tu, nitakwenda na maji. Siku hiyo kocha wa timu ya taifa alikuwa jukwaani, amekuja kumtazama golikipa wetu. Bendera moja ya kona ilikuwa imevunjika. Nikachukua nyingine nyuma ya mlango wa chumba cha vifaa bila kutazama ndani, nikafunga kwa ufunguo kama nilivyoagizwa, nikakimbilia uwanjani. Bi Ndoto nilimsahau kabisa.

Kocha alipoanza kumtafuta, hakuna aliyefikiria chumba cha vifaa, maana wote walidhani nimeshamwamsha; nami nilizunguka nikiuliza kama wengine, ufunguo ukiwa mfukoni. Golikipa wa akiba akaingia. Nilikumbuka dakika ya kumi na mbili ya mchezo, nikakimbilia chumba cha vifaa.

Nilimkuta ameketi juu ya vizibao, glovu tayari mikononi, anautazama ule mwanga wa kidirishani. Alikuwa amegonga mlango mpaka akachoka, lakini spika za uwanja zilimzidi. Nilianza kulia. Akasimama, akanishika bega.

“Kaka, wewe uliniamsha, mimi nikapitiwa tena na usingizi, basi. Wewe una watoto wadogo.”

Ndivyo alivyomwambia kocha, na ndivyo ilivyoandikwa. Aliwekwa benchi mechi tano kwa utovu wa nidhamu. Timu ya taifa ikachukua golikipa mwingine, na hawakurudi tena kumwangalia. Mimi nilipata mkataba. Nilinyamaza kwa woga, na woga ulipokwisha nikanyamaza kwa aibu. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, nasi wawili hatukuitaja tena. Mechi iliyofuata alikuja kulala vizibaoni kama kawaida, akaniomba nimwamshe.

Wiki iliyopita ofisi ilinipa faili lake ili niandike haya. Miaka kumi na saba, na doa moja tu: “Alilala, akakosa mechi.” Naomba mstari huo ufutwe, na jina langu liandikwe mahali pake. Uongozi uamue juu yangu upendavyo; wanangu sasa ni wakubwa.

Kuanzia mwezi ujao atafundisha magolikipa wasichana, na shangazi, ambaye bado yuko kwenye cherehani, ameahidi kuwashonea glovu. Asante, dada, kwa kila mpira, na kwa ule mmoja uliouacha upite kwa ajili yangu. Maisha yakujie polepole, kama mipira ya ndoto zako, udake unaoutaka. Jumamosi vizibao vitakuwa vimefuliwa. Lala bila wasiwasi. Mlango nimeung’oa kitasa, nami nitakuwa nimekaa kizingitini, nikihesabu dakika ishirini.