Mzunguko wa Maji Mara Thelathini na Moja

Mama Birika alikuwa anasuuza vikombe vya kahawa nyuma ya benchi la kijiweni, mikono imejaa povu, mumewe alipotokea kwenye kona akiisukuma pikipiki ya ofisi. Mumewe ni mkaguzi wa shule. Shule ni thelathini na moja, mkaguzi ni yeye peke yake, na mafuta ya mwezi huisha tarehe kumi. Kwa hiyo kusukuma hakukumshtua. Kilichomshtua ni uso, ulioshuka kuliko tairi.

— Bosi karudisha ripoti zangu zote. Anadai nimeandika moja tu, zingine nimenakili. Kesho nisipompelekea somo tofauti, nahamishwa.

— Kwani uliandika nini? akauliza Gundi, fundi viatu.

— Nilichokiona! Walimu wanapigiana simu nikiwa bado njiani. Kila darasa nikiingia, somo ni lile lile waliloliandalia wageni: mzunguko wa maji. Hata kipindi cha hisabati!

— Jifiche, akasema Redio, dereva mstaafu asiyezimika. Paka akiondoka, panya hutawala. Basi na wewe kuwa panya.

— Pikipiki yenyewe inasikika mitaa mitatu.

— Si haina mafuta? Endelea kusukuma!

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Gundi akadakia. Lala chini ya dawati tangu alfajiri.

— Na kitambi hiki?

— Basi uwe ramani. Nakubandika ukutani mwenyewe, gundi ninayo.

— Mume wangu habandikwi, akasema Mama Birika. Na akihamishwa, watoto watatu nabaki nao peke yangu. Kahawa mtajipikia.

Hapo benchi zima likatishika.

Jirani mpya, aliyekuja kununua kikombe kimoja tu, akauliza:

— Samahani shemeji, kwani huwezi kumwambia mwalimu afundishe somo linalofuata?

Redio akazimika. Mkaguzi akakuna kichwa weee.

— Fomu haina pa kujaza hilo, akasema mwishowe.

Mama Birika akainamisha birika. Likatoka tone moja.

— Kahawa imekwisha. Nendeni makwenu.

Jioni akatenga chakula, akahesabu vichwa: watoto watatu, baba mmoja. Wote wapo. Akafunua sufuria ya maharage. Mvuke ukapanda, matone yakateleza kwenye mfuniko, yakarudi sufuriani.

Mkaguzi akaangalia, akaweka kijiko chini.

— Hata hapa?

— Kula, baba. Kesho unasukuma.