Damu ya Mzee Selestini Iliyobaki Maabara

Wapendwa mliofika hapa Chiwata kutoka Masasi, Newala na Lisekese, familia inawaomba msikilize maisha ya mpendwa wetu, ambaye mwenyewe aliagiza yasomwe kwa ufupi, maana hakupenda watu wachomwe na jua kwa ajili yake.

Mzee Selestini Bartholomayo Kasiani alizaliwa hapa Chiwata tarehe 14 Machi 1958, akalelewa mgongoni mwa dada yake Anastasia, akasoma shule ya msingi hapahapa, kisha sekondari Masasi, akahitimu mwaka 1976, akasomea kazi ya maabara, na mwaka 1980 akaajiriwa hospitalini Newala hadi alipostaafu 2018, na waliomfahamu wanajua kwamba ukimwamkia shikamoo, kabla hajaitikia marahaba macho yake yameshafika mkononi kwako kutafuta mshipa.

Tarehe 5 Septemba 1987 alifunga ndoa Lisekese na Priska, wakajaliwa watoto wawili, Gerson na Grace, na nyumba yao haikukosa vicheko.

Tarehe 9 Juni 2014, akijisikia mchovu, alijitoa damu, akaitazama kwenye hadubini, akampa mwenzake wa maabara Bi. Swaumu kile kioo chenye tone la damu, bila jina, naye akasema mwenye damu hii aitwe leoleo, marehemu akamjibu kwamba ameshafika.

Ilikuwa saratani ya damu, ile iendayo polepole, na watafiti wa Dar es Salaam walimweleza habari za mikroRNA, vipande vidogo mno ndani ya seli vinavyonyamazisha maagizo mengine, ili seli changa za damu zikue vizuri na zilizochakaa zife, naye akatueleza kwamba ukoo ukienda kuposa huwa yupo wa kumgusa goti msemaji anapozidisha maneno, na katika damu yake mgusa goti huyo hayupo, ndiyo maana seli zilizopaswa kufa zimegoma kuondoka.

Tangu hapo akawapa watafiti damu yake waitunze kwenye baridi kali, jambo lililomkasirisha dada Anastasia, kwa kuwa kwetu mtu huzikwa akiwa kamili, na miaka kumi hawakukubaliana, ingawa kila msimu dada alimkaangia korosho, hata marehemu akaandika kwamba akifa, dada ndiye mwenye neno la mwisho, akitaka irudi, irudi izikwe naye.

Alianza vidonge mwaka 2021, akaendelea kulima, mpaka homa ya mapafu ilipomlaza Januari mwaka huu, akafariki Jumapili tarehe 2 Februari 2025, saa nne asubuhi, Priska akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kupika, na wenzake wote wa maabara.

Na kwa kuwa wengi mnauliza kuhusu ile damu, jana dada Anastasia aliwapigia simu watafiti akitaka irudishwe, nao wakakubali bila ubishi, ila alipouliza ilikuwa inawafaa nini, akaambiwa kwamba seli zile zingali hai na bado zinawafundisha, basi akalia sana, kisha akauambia ukoo kwamba isirudi, yeye hawezi kumzika mtu aliye kazini.

Baba Gerson, pumzika kwa amani, wewe uliye hapa.