Mama Vénérande na Mji Wake wa Sibwesa

Marehemu Vénérande Nduwimana alizaliwa mwaka 1961 huko Makamba, Burundi, mtoto wa kwanza wa Mzee Dieudonne na Mama Libérate. Mwaka 1972 familia ilikimbia machafuko, ikapokewa Tanzania na kupelekwa Katumba. Hapo alizaliwa mdogo wake wa pekee, Aristide, mwaka 1973.

Alisoma Katumba hadi darasa la nne. Mwaka 1975 mama yao alifariki, na Vénérande akaacha shule ili amlee Aristide, aliyekuwa na miaka miwili. Alimbeba mgongoni huku akilima mihogo, na kwa mihogo hiyo akamsomesha mpaka kidato cha nne. Alipenda kuwaambia watu, "Mimi shule yangu ndogo, lakini Aristide ndiye macho yangu."

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Libérat, fundi seremala. Walijaliwa watoto watatu: Emelyne, Méthode na Odeta. Mumewe alitangulia mbele ya haki mwaka 2009.

Baada ya kupata uraia, mwaka 2016 kijiji kilimgawia eneo Sibwesa. Yeye na Méthode walifyeka pori kwa mikono. Akaotesha minyaa kuzunguka ua, akajenga nyumba ya tofali za kuchoma, jiko na kihenge. Mgeni akisema, "Shamba lako zuri, mama," alimrekebisha papo hapo: "Shamba liko kule chini kwenye mahindi. Hapa ni rugo. Nyie mnasema mji." Mwaka 2022 karani wa sensa alipouliza habari za kaya yake, alimkalisha kwanza na kumpa uji. "Kaya ni sisi tunaokula," alimwambia. "Mji ni hapa tunapolia chakula. Ukiandika, usichanganye." Karani alicheka, akaongezewa kikombe cha pili.

Hakujua kwamba kwenye karatasi palikwisha kuchanganywa. Mwaka 2019, kijiji kilipopima ardhi ili watu wapewe hati za kimila, yeye alikuwa amelazwa kwa malaria. Alimtuma Aristide amwakilishe, akamwagiza: "Andika mji wangu, na shamba lake." Aristide aliandika "shamba, halina makazi," na penye jina la mmiliki akaandika la kwake. Hati ilipoletwa, dada yake aliiweka sandukuni bila kuifungua. Aliyeijaza ni Aristide, angekagua nini?

Septemba 2023 trekta zilifika. Eneo lote lilikuwa limeuzwa kwa mfanyabiashara aliyetaka kulima alizeti. Mama Vénérande alipanda gari hadi Magamba, nyumbani kwa Aristide.

"Musaza wanje," alimwita, kama dada wa Kirundi anavyomwita kaka yake, "uliandika nini?"

"Dada, lile ni shamba tu. Mnunuzi hataki eneo lenye mji wa mtu."

"Na mimi huwa nalala wapi?"

Aristide alimkaribisha chai. Hakuinywa.

Mama Vénérande alipeleka shauri kwenye baraza la ardhi. Machi 2024, siku mbili kabla wajumbe hawajaja kukagua, alikwenda kliniki Mpanda. Huku nyuma, Aristide alileta vibarua, wakabomoa nyumba na kukata minyaa. Wajumbe walikuta kifusi. Aristide aliwaambia pale palikuwa na dungu la kulindia mahindi yasiliwe na nyani. Katibu alitazama kifusi, akaona ni salama zaidi kuandika "mahame."

Mama Vénérande alisimama. "Mahame ni mji ambao wenyewe wameuacha. Mimi sikuhama, mwanangu. Nilikwenda kupima presha."

Jirani yake, Mama Fausta, naye akasema: "Odeta alipojifungua nilimzalisha mimi, humu humu ndani. Nani amewahi kujifungulia dunguni?"

Baraza lilimrudishia mji wake, ekari moja. Kuhusu shamba, ambalo lilikwisha kulimwa, aliambiwa aende mahakamani, na nguvu za kwenda hakuwa nazo tena. Alijenga chumba kimoja na kuhamia mvua za Novemba zilipoanza. Watu walipompongeza, aliitikia kwa adabu. Kwa Emelyne tu ndiko alikosema la moyoni: "Kukosa shamba ningezoea. Lakini mkono ulioandika vile, mimi ndiye niliyeushika ulipoandika 'a' ya kwanza."

Presha ilimzidi. Tarehe 2 Mei 2025 alipooza upande wa kulia, akalazwa Mpanda. Watoto walipeana zamu kitandani, na Mama Fausta alikuja mara tatu kutoka Sibwesa. Aristide alipigiwa simu, akasema atakuja. Marehemu alikuwa akigeuza shingo kila mlango ulipofunguliwa. Alifariki Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, na leo analazwa ndani ya ua wake Sibwesa.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake mmoja, Aristide. Wiki moja kabla ya kufariki, alimwagiza Emelyne kuhusu wasifu huu: "Jina lake liandike, ni mdogo wangu. Ila usiandike kwamba nilimsamehe. Nilimngoja aje aniombe, hakuja." Imeandikwa kama alivyosema.

Mwenyezi Mungu ampokee, na ampe pumziko lenye amani.