Daftari la Manjano

Feri ilikwishaacha gati ya Likoni, na Nadira bado akipaka kalamu ya manjano juu ya mistari ya daftari la bayolojia. Mtihani ulikuwa asubuhi hiyo.

"Mwanangu, wasoma au wapaka rangi?" akauliza bibi muuza nazi aliyeketi kando, mtu asiyemjua.

"Shikamoo, bibi. Nasoma."

"Marahaba. Na Juzuu Amma ya Kurani, chuoni uliihifadhi kwa rangi?"

"La. Nalimsomea maalimu, juzuu imefunikwa."

"Basi funika hilo, unisomee mimi. Moyo wafanyaje kazi?"

Nadira akafunika. Kurasa arubaini alizipaka, na hata moja haikumjia akilini.

"Bibi, nimechoka."

"Hata mimi. Sema hivyo hivyo."

Akaanza, akakwama, akarudia. Alipofika kwenye mapafu, feri ikagusa ng'ambo.

Bibi alikwenda zake sokoni Kongowea. Katika mtihani Nadira alipata C, na aliyoyakumbuka barabara ni ya moyo tu, aliyomsomea bibi.