Watoto Waliozaliwa Wadogo Wameanza Shule

Mgeni rasmi, Citoyen Docteur Mugaruka, karibu kwetu Nguba. Umetoka Kinshasa kuja kuwaona watoto wetu, nasi mama zao tunakupokea kwa furaha na kwa maswali mengi.

TULIKOTOKA
Tulijuana maternité, tulipokwenda kujifungua. Watoto wetu walitimiza miezi yao tumboni, lakini walizaliwa wadogo mno. Mwenzetu Maman Nsimire alizaa mapasa: Mushagalusa, mvulana mwenye uzito wa kutosha, na Cibalonza, msichana aliyeenea viganjani. Tumbo moja, chakula kimoja. Muganga wa maternité alieleza kwamba kondo la nyuma la Cibalonza halikumpelekea damu ya kutosha.

"Lakini usiogope, maman," akasema. "Mutoto akikosa chakula ndani ya tumbo, kichwa ndiyo kinakula kwanza."

"Basi kichwa yake itakuwa sawa na ya ndugu yake?"

"Hiyo sijui. Tutaangalia."

TULIYOYAONA
Tangu hapo sisi sote tunaangalia. Cibalonza alichelewa kutembea na kusema kuliko ndugu yake. Jirani alimwita mjinga. Mama yake hakubishana, aliendelea kumwimbia na kumtajia majina ya vitu sokoni. Leo ana miaka sita. Kalamu inamshinda, na mwalimu akiagiza mambo mawili, la pili linampotea. Lakini wimbo akiusikia asubuhi, jioni anawafundisha wenzake. Watoto wetu wengine hawana shida yoyote. Mmoja hatulii hata kidogo. Kwa nini wametofautiana hivyo?

YANAYOTUSUMBUA
Walipotimiza miaka miwili tuliambiwa wamenenepa, tusirudi tena kwenye mizani. Shida zilikuja baadaye, darasani. Mwezi uliopita shule ilitaka kumrudisha Cibalonza nyumbani, tukamsindikiza mama yake kwa directeur.

"Huyu mutoto hasikie," directeur akasema.

"Anasikiaka," mama yake akajibu. "Mumuambie neno moja moja."

Directeur akamwambia alete chaki. Akaleta. Akamwambia afunge mlango. Akafunga. Amekubaliwa kubaki, lakini mpaka Pasaka tu.

MAOMBI
Tunakuomba uwafuatilie watoto hawa hadi wamalize shule ya msingi, hata wale wanaoendelea vizuri. Tunakuomba pia uzungumze na walimu kabla ya Pasaka.

Jana Cibalonza alimwuliza mama yake kama docteur ataona ndani ya kichwa chake. Mama akamjibu kwamba haiwezekani.

"Basi aniulize miye," akasema.

Amekaa pale mbele, Citoyen Docteur. Mungu akupe macho ya kuona na subira ya kungoja.

Ni sisi, Mama wa Watoto Wadogo wa Nguba, Bukavu.